Cosa Nostra, Camorra au 'Ndrangheta: kundi lipi la kupandisha jukwaani Bagamoyo?

Kila tamasha likikaribia, vikundi vya maigizo vya hapa Bagamoyo huanza kusaka hadithi yenye watu wabaya wa kutosha, na lazima atokee mmoja aseme: tufanye mafia. Kikao kinachangamka. Muda si mrefu yupo anayetaka kofia pana, yupo anayechonga bastola ya mbao, na yupo aliyekwisha kujitwalia nafasi ya bosi. Anayeuliza "mafia wa wapi?" anaonekana mchelewesha kazi.

Lakini bila kujibu swali hilo hakuna mchezo. Italia haina mafia mmoja. Kuna makundi makubwa matatu, kila moja na mkoa wake, kanuni zake na namna yake ya kuwatia watu hofu: Cosa Nostra ya Sisilia, Camorra ya Napoli na mkoa wa Campania, na 'Ndrangheta ya Calabria, kule kwenye ncha ya kiatu cha ramani ya Italia. Lipo la nne, Sacra Corona Unita ya Puglia, lililozaliwa miaka ya 1980 na kunenepa kwa sigara za magendo zilizovushwa bahari ya Adriatic. Kwa jukwaa halina la kuongeza, naliacha hapo hapo.

Wengi wakilinganisha makundi haya huhesabu maiti. Ni kipimo kibovu. Maiti zikiwa nyingi maana yake nguvu inagombaniwa. Aliyekwisha kushinda hana haja ya kupoteza risasi. Mimi huuliza mambo mawili. Kwanza, kwao nyumbani, nani anaweza kufungua duka, kumwaga zege au kuoza binti bila wao kujua? Pili, neno likisemwa kwao, linasikika hadi wapi? Kundi linaweza kuwa jabali kwenye la kwanza na likawa si lolote kwenye la pili. Hapo ndipo mchezo wako unapoamuliwa, kwa sababu hadithi ya watu wanaotawala mtaa haichezwi sawa na hadithi ya watu wanaopiga simu kutoka kijiji cha mlimani na mzigo ukahama bandari ya bara jingine.

Cosa Nostra: wenye eneo

Karne ya 19, mashamba ya malimau yaliyouzunguka mji wa Palermo yalikuwa mali kubwa. Na mlimau hauhitaji jeshi kuuangamiza. Kata mfereji wa maji wiki chache za kiangazi, au ingia usiku na shoka, mwenye shamba amekwisha. Kwa hiyo aliyeshika ulinzi wa shamba ndiye aliyelishika shamba lenyewe, na wasimamizi, walinzi na madalali wa malimau wakajikuta na nguvu kuliko wenye hati. Ukitaka kumweleza mwigizaji wako jambo hili haraka, mpeleke asubuhi kwenye mnada wa samaki pale ufukweni. Dalali anapaza sauti, bei inapanda, ushuru unalipwa, kila mtu anaondoka na ndoo yake. Sasa mwambie awaze mtu mmoja aliyekaa pembeni, hanunui wala hauzi, wala hajawahi kushika wavu, lakini hakuna mashua inayoshusha mpaka atikise kichwa. Mwigizaji akiweza kumcheza mtu huyo bila kunyanyuka kwenye kigoda, umempata bosi wa Sisilia.

Koo zao zinaitwa familia, ila si familia za damu. Zinaitwa kwa jina la eneo: Porta Nuova, Brancaccio, Santa Maria di Gesù, Corleone. Mtu huingizwa kwa kiapo, anachomwa kidole na picha ya mtakatifu inateketea mkononi mwake. Familia kadhaa jirani zinawekwa chini ya mkuu mmoja, na juu ya wakuu hao kuna Kamisheni, yaani baraza lao la juu. Ushawishi wao unachoreka kwenye ramani kwa kalamu: mnene sana Palermo, Trapani na Agrigento, mwembamba kadiri unavyoelekea mashariki, ingawa Catania nako wamo. Na kwa miaka mingi walikuwa pia na mguu mmoja New York, kwa sababu ya ndugu waliohamia huko. Heroini iliyosafishwa Sisilia miaka ya 1970 ilipita kwenye undugu huo.

Uhasama wao ndio mzuri kuliko wote kwa jukwaa, na nitauchelewesha kidogo. Familia za mjini Palermo ziliwaona watu wa Corleone kuwa wakulima tu, washamba wenye tope kwenye viatu. Salvatore Riina, wa Corleone, akawaacha waendelee kumdharau huku akinunua watu ndani ya nyumba zao. Stefano Bontade, mkubwa wa Palermo, mtu wa suti na mezani na wakubwa wa siasa, alipigwa risasi tarehe 23 Aprili 1981 akitoka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Siku 18 baadaye akafuata rafiki yake Salvatore Inzerillo. Mamia waliuawa hadi 1983, wengi wakiitwa kwenye mlo na wenzao wenyewe. Wa ukoo wa Inzerillo waliobaki walikimbilia New York kwa jamaa zao wa familia ya mafia ya Gambino, wakaachiwa roho zao kwa sharti moja: wasirudi Sisilia. Mtu aliyeachiwa uhai akanyimwa kwao. Hicho ni kitendo kizima cha mchezo, na bado hujamtaja askari hata mmoja.

Baadaye ndipo dola inapoingia. Tommaso Buscetta, aliyepoteza watoto wake wawili wa kiume kwenye vita hivyo, alikamatwa Brazil mwaka 1983, na mwaka uliofuata akakaa mbele ya jaji Giovanni Falcone na kueleza Kamisheni inavyofanya kazi. Kesi kubwa ya Palermo ilianza Februari 1986 katika ukumbi wa zege uliojengwa kando ya gereza la Ucciardone, washtakiwa zaidi ya 450, wengi wamefungiwa kwenye vizimba vya chuma ukutani. Zaidi ya 300 walitiwa hatiani Desemba 1987. Mahakama ya juu ilipothibitisha hukumu Januari 1992, Riina alijibu kwa mabomu: Falcone, mkewe Francesca Morvillo na walinzi watatu tarehe 23 Mei, Paolo Borsellino na walinzi watano tarehe 19 Julai.

Mabomu hayo ndiyo yaliyowamaliza. Riina alikamatwa Januari 1993. Bernardo Provenzano, aliyejificha zaidi ya miaka 40 akitawala kwa vijikaratasi alivyochapa kwa taipureta, alikamatwa 2006 kwenye kibanda cha mchungaji karibu na Corleone, baada ya polisi kufuatilia kifurushi cha nguo zilizofuliwa kutoka kwa mkewe. Matteo Messina Denaro wa Trapani alikamatwa Januari 2023 kwenye hospitali ya Palermo alikokwenda kutibiwa saratani kwa jina la mtu mwingine, akafa Septemba mwaka huo. Fedha ya ulinzi bado inatozwa Palermo, lakini siku hizi kuna wafanyabiashara wanaoandika mlangoni kuwa hawalipi, jambo ambalo mwaka 1991 lilimgharimu maisha Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo aliyekataa kulipa hadharani.

Kwa hiyo ukiwa na watu wengi, sauti nzuri, na mtu mmoja anayeweza kusimama kizimbani nusu saa bila kuchosha, chukua Cosa Nostra. Inakupa kupanda na kuanguka, yaani hadithi iliyo na mwisho. Udhaifu wake ni kwamba kila mtazamaji anadhani anaijua, na utatumia robo ya kwanza ya mchezo kumwondolea yale aliyoyaona kwenye vibanda vya video.

Camorra: hakuna mkubwa

Napoli ni kinyume. Hapa hakuna Kamisheni iliyodumu wala ngazi za kupanda. Kuna koo nyingi, baadhi zina mtaa mmoja tu, na ramani utakayoichora mwaka huu itakuwa takataka baada ya miaka michache. Aliyejaribu kuwaunganisha ni Raffaele Cutolo, aliyejenga jeshi lake akiwa gerezani Poggioreale kwa kuwalisha wafungwa fukara na kuwatunza wake zao nje. Koo nyingine zikaungana dhidi yake, wakachinjana mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Katikati ya vita hivyo likaja tetemeko la ardhi la tarehe 23 Novemba 1980, lililoua karibu watu 3,000, na fedha za kujenga upya zikawa karamu ya wenye malori na saruji.

Nguvu ya Camorra iko kwenye soko na ngazi za ghorofa. Nani anauza nini, kona ipi, hadi saa ngapi. Vita vya Scampia vya 2004 na 2005 vilikuwa vya ukoo wa Di Lauro na waliojitenga nao, wanaogombea vituo vya kuuzia unga kwenye majumba ya serikali. Walikufa vijana wa miaka 20 kwa risasi, na wengine hawakuhusika na lolote ila kuwa na rafiki asiyefaa. Kaskazini mwa Napoli, koo za Casal di Principe ndizo zilizopanuka kuliko wenzao, kwa zege na kwa takataka za viwandani zilizofukiwa mashambani, na ndizo zilizohusika na mauaji ya padre Giuseppe Diana, aliyepigwa risasi kanisani tarehe 19 Machi 1994 akijiandaa kwa misa.

Ukiniuliza ushawishi wao kwa vipimo vyangu viwili, jibu ni fupi: mtaani ni mkali mno, mbali ni wa biashara tu, hauna mizizi. Ningewavuka haraka, isipokuwa kwa jambo moja ambalo kikundi cha Kiafrika hakiwezi kuliruka.

Castel Volturno ni mji wa pwani kaskazini mwa Napoli wenye Waafrika wengi, hasa wa Afrika Magharibi, wanaovuna nyanya, kujenga, kushona. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2008, watu wa genge la Giuseppe Setola, la hao wa Casal di Principe, walifika mbele ya duka la fundi cherehani na kumimina risasi. Waliuawa Waafrika sita, raia wa Ghana, Togo na Liberia. Wa saba, Mghana, alilala chini akajifanya amekufa. Polisi walipochunguza, waliouawa hawakuwa wamefanya kosa lolote. Genge lilitaka tu kila Mwafrika wa eneo lile ajue nani mwenye mji. Kesho yake Waafrika waliingia barabarani kwa hasira, mji ukasimama. Na yule aliyejifanya maiti alikwenda mahakamani akawataja. Setola na wenzake wakala kifungo cha maisha.

Hebu angalia kilichopo hapo kwa macho ya mtu wa jukwaa. Chumba kimoja. Cherehani mbili, kitambaa cha kitenge, redio. Watu saba wanaongea mambo ya kutuma hela nyumbani, ya mke anayenuna kwenye simu, ya karatasi za ukaazi. Unaweza kuwaongelesha saa nzima bila genge kuonekana, na ushawishi wake ukajulikana kwa namna wanavyopunguza sauti gari likipita nje. Kundi lenye vijana wachache na jukwaa dogo halitapata kitu bora zaidi ya hiki. Ila usiongeze bosi wa Kiitaliano mwenye kovu usoni. Asionekane kabisa.

'Ndrangheta: ukoo na bandari

Hapa naeleza upendeleo wangu waziwazi. Kama ni kulinganisha ushawishi, leo 'Ndrangheta imewapita wenzake wote wawili, na imewapita huku ikisemwa kidogo kuliko wao. Italia yenyewe ililiandika jina lake kwenye sheria ya mafia mwaka 2010, wakati Camorra ilikuwemo tangu 1982.

Siri ya nguvu yake ni ile ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Wenzao wanaapishana, hawa wanazaliana. Kiini cha kundi ni ukoo wa damu hasa, baba, wana, wapwa, na binti huolewa kwa binamu au kwa ukoo wa upande wa pili ili vita viishe au mali isitoke. Ndiyo maana wakati Sisilia ilipotoa watoboa siri kwa mamia, Calabria ilitoa wachache. Msisilia aliyesema alimtaja bosi. Mcalabria akisema anamtaja baba yake mzazi.

Walianza na utekaji. Mjukuu wa tajiri wa mafuta Getty alitekwa Roma Julai 1973, akafichwa kwenye milima ya Calabria, sikio lake likatumwa kwa posta, akaachiwa Desemba. Fedha za watu waliotekwa zilinunua malori, malori yakapata tenda za ujenzi, na tenda zikawafikisha Gioia Tauro. Hadithi ya bandari hiyo itawagusa watu wa hapa. Miaka ya 1970 serikali iling'oa mashamba ya michungwa na mizeituni ili kijengwe kiwanda cha chuma. Kiwanda hakikuja. Ikabaki bandari bila kazi, kama miaka ishirini hivi, hadi ilipofunguliwa kwa makontena mwaka 1995. (Sisi tuliosaini bandari ya Mbegani 2013 tukakaa miaka tukitazama bahari, tunaelewa vizuri kusubiri bandari.) Leo Gioia Tauro ni miongoni mwa bandari kubwa za makontena za Mediterania, na sehemu kubwa ya kokeni inayokamatwa Italia imekuwa ikikamatwa hapo. Ukoo wa Piromalli ulikuwepo mjini kabla ya makontena, bandari iliwakuta.

Mkono wao unafika wapi? Julai 2010 polisi wa Italia walikamata watu takriban 300 kwa pamoja, na ikaonekana kuwa matawi ya Milano na mkoa wa Lombardia yanafuata amri kutoka Calabria. Matawi mengine yako Ujerumani, Uswisi, Kanada na Australia, kila mahali Wacalabria walikohamia kutafuta kazi. Miongoni mwa waliokamatwa siku ile alikuwa Domenico Oppedisano, mzee wa karibu miaka 80 ambaye majirani walimjua kama mkulima anayeuza miche sokoni. Kamera za polisi zilikuwa zimemnasa mwaka uliotangulia, kwenye sikukuu ya Bikira Maria pale patakatifu pa Polsi mlimani, akithibitishwa kuwa mkuu wao. Mahujaji wanapita na mishumaa, mzee anapewa cheo pembeni. Kwa nafasi ya bosi, basi, msimtafute mwenye kifua kipana. Mtafuteni baba mwenye sandali za matairi.

Mfano wa kinachotokea uhasama wao ukisafiri: mwaka 1991 huko San Luca, vijana wa koo mbili walirushiana mayai kwenye sherehe za kanivali. Mayai. Risasi zikafuata, halafu kisasi juu ya kisasi, hadi tarehe 15 Agosti 2007 wanaume sita walipouawa nje ya mgahawa wa Kiitaliano mjini Duisburg, Ujerumani. Dunia ilishtuka kuwa mafia wa kijijini wako Ujerumani. Walikuwepo siku zote. Kosa lao ni kupiga kelele.

Na ukitafuta mhusika mkuu mwanamke, yuko huku. Lea Garofalo alizaliwa kwenye ukoo wa aina hiyo, akazaa na mwanamume wa aina hiyo, na mwaka 2002 akaamua kusema kwa polisi ili binti yake asikulie humo. Alihamishwahamishwa miji miaka kadhaa, akachoka, akaacha ulinzi. Novemba 2009 baba wa mtoto alimwita Milano wakazungumzie masomo ya chuo ya binti yao. Hakuonekana tena. Binti, msichana wa miaka 17 wakati ule, alisimama mahakamani kumtolea ushahidi baba yake, na baba akafungwa maisha. Nani asiyeelewa kikao cha kuzungumzia ada ya mtoto? Kila mwanamke aliyeachika na akalea kwenye ukumbi ule atakuwa ameshika kiti kabla taa hazijazimwa.

Hapa mjini pana faida nyingine: harusi. Mchezo wa 'Ndrangheta lazima uwe na harusi ya kupatanisha koo, na sisi tuna mdundiko. Msiwavalishe Wacalabria kanzu, majina na mahali vibaki kwao, lakini ngoma ipigwe ya kwetu, na watazamaji wataunganisha wenyewe bila kuelezwa.

Hasara ipo. Hadithi haina mwisho. Kesi kubwa ya Lamezia Terme iliyoanza Januari 2021 dhidi ya ukoo wa Mancuso na washirika wake ilitoa hukumu Novemba 2023, zaidi ya watu 200 wakatiwa hatiani kwa jumla ya miaka zaidi ya 2,000, na koo zingine zikaendelea. Mwandishi anayependa pazia lishuke na haki ikiwa imetendeka atahangaika.

Na wale wa jirani?

Swali hili halikosekani, na mara nyingi linatoka kwa mdogo kuliko wote kikundini.

"Shikamoo Mwalimu. Sasa mbona twende mpaka Italia, na Mombasa hapo tu?"

"Marahaba. Hapo tu ndiyo shida yenyewe, mwanangu."

Anawaza familia ya Akasha, na hajakosea kuwaza. Baba, Ibrahim Akasha, alipigwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim walikamatwa Mombasa 2014, wakapelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa ya dawa za kulevya mwaka 2018; Baktash akapewa miaka 25, mdogo wake 23. Kwa vipimo vyangu: nyumbani walikuwa na nguvu ya kutisha, na mkono ulifika ng'ambo kwa sababu pwani yote hii, kwao na kwetu, iko kwenye njia ya majahazi yanayoleta heroini kutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan. Ila nguvu ilikuwa ya nyumba moja. Walipotolewa wawili, jina lilipungua uzito mara moja, jambo ambalo Calabria haliwezekani kwa kukamata hata mia tatu.

Kwa jukwaa nawakatalia, na sababu si woga. Watu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo wana ndugu Mombasa. Mtazamaji mmoja akisema "huyo ni shemeji yake fulani", mchezo umekufa, kinachobaki ni umbea. Umbali wa Italia unampa mtu nafasi ya kuwaza wazungu wa unga wa mtaani kwake bila kugeuza shingo kumtafuta.

New York nitaisema kwa kifupi kwa ajili ya vikundi vya vichekesho. Kati ya familia tano za mafia wa huko zilizopangwa mwaka 1931, mbili zilizoshindana kwa ukubwa ni Gambino na Genovese, na miaka ya 1980 wakuu wao walikuwa vinyume vya ajabu. John Gotti wa Gambino, aliyempindua bosi wake kwa risasi nje ya mgahawa Desemba 1985, alivaa suti za bei na kupenda kamera. Alifungwa maisha 1992. Vincent Gigante wa Genovese alizurura mitaani na joho la kuogea akijifanya mwendawazimu miaka na miaka, madaktari wakabishana, na mwaka 2003 akakiri kuwa alikuwa akidanganya. Waigizaji wawili tu, benchi moja. Mtacheka, na kati ya vicheko mtazamaji ataona kwamba mwenye joho ndiye aliyedumu.

Sasa chagueni

Mkiwa ishirini na zaidi, mna mwalimu wa sauti na mtu wa kujenga vizimba, fanyeni Palermo, na muanzie 1981, si kwenye malimau. Mkiwa saba au wanane na fedha ya kukodi cherehani mbili, fanyeni Castel Volturno. Someni kesi yenyewe kwanza, na waliouawa wapewe majina ya kubuni kwa heshima ya ndugu zao. Mkiwa na mwanamke mmoja anayeweza kubeba mchezo mgongoni, na wapiga ngoma wazuri, fanyeni Calabria, wala msinitafute kuniuliza mara ya pili, nimeshawaambia ninakoegemea.

Msichanganye. Kikundi kitakachoweka bosi wa Sisilia, harusi ya Calabria na vijana wa Scampia kwenye mchezo mmoja kitakuwa na mavazi mengi na hakuna hofu.

Muswada upelekeni mapema kwa ajili ya kibali, kwa sababu michezo ya jukwaani nayo iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na tamasha halisubiri mtu. Mkihojiwa kuhusu dawa za kulevya kwenye muswada, onyesheni kuwa hakuna anayezishika jukwaani. Hakuna haja. Kontena lifunguliwe nyuma ya pazia, na mtu mmoja arudi mbele akihesabu fedha kwa vidole vinavyojua kazi hiyo.